Baba hakuwa amekonda

Mama aliitazama dakika mbili, pengine tatu, kisha akaniambia nizime.

Nilizima. TV yake ni ya chogo, za zile ambazo picha haiondoki mara moja. Ilijikunja, ikabaki nukta nyeupe katikati ya kioo, na nukta nayo ikafifia polepole. Tuliikodolea macho sote wawili mpaka ikapotea. Ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Kumbe alikuwa amekonda hivi, na mimi nilikuwa naye kila siku, sikuona."

Video ile niliirekodi mwenyewe kwa simu, alasiri moja ya kawaida, miezi mitano kabla baba hajafariki. Amekaa kwenye kiti chake, anasimulia, anacheka. Ina dakika 18. Niliiweka kwenye DVD kwa sababu Mama hana mazoea na simu za kugusa, lakini deki yake anaijua kama anavyozijua funguo zake. Nilidhani namletea zawadi.

"Hakuwa amekonda, Mama. Ni TV tu."

"Nimemwona kwa macho yangu, mwanangu."

Sikuwa na la kujibu. Hata mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu: uso mrefu, mashavu yaliyobonyea, mabega membamba kama ya kijana wa miaka kumi na tano. Kwenye simu yangu hakuwa hivyo. Lakini simu ilikuwa mfukoni na TV ilikuwa mbele yetu, na aliyekwisha kuona ameona.

Maneno yale ya Mama yalinikaa kooni wiki saba.

## Rula

Usiku ule, Mama alipolala, niliiwasha tena nikiwa nimefunga sauti. Sikujua natafuta nini. Nilitaka tu kumtazama baba bila mtu mwingine chumbani.

Nyuma yake, ukutani, kuna saa. Ni saa ileile iliyokuwa juu ya kichwa changu wakati huo huo ninapotazama, saa niliyojifunzia kusoma majira nikiwa mdogo. Ni ya duara. Nilisimamisha picha, nikageuka kuitazama saa yenyewe, nikarudi kuitazama ya kwenye TV.

Kwenye droo palikuwa na rula ya shule. Niliibandika kwenye kioo, vinyweleo vya mkono vikasimama kwa ule umeme unaokaa juu ya kioo cha TV za chogo. Nikapima saa kutoka juu hadi chini: sentimita 8. Nikapima kutoka kushoto hadi kulia: sentimita 6.

Saa ya ukutani ilikuwa yai.

Nikapima na kioo chenyewe. Upana sentimita 40, kimo sentimita 30. Ulalo sikuhitaji kuupima, kwani 3, 4 na 5 ni ile pembetatu ya darasani: 50. Nane kwa sita, arobaini kwa thelathini. Zote ni 4 kwa 3. Niliona kama bahati nasibu mpaka nilipochukua kalamu. Zidisha 4/3 kwa 4/3, unapata 16/9. Umbo la video za leo ni umbo la TV ya Mama likizidishwa kwa lenyewe. Ukiliingiza umbo pana ndani ya lile la zamani kwa nguvu, likajaa pande zote nne, basi kila kilichomo hupoteza robo kamili ya upana wake, na duara yoyote itatoka ndefu kwa kipimo kilekile cha 4 kwa 3.

Mabega ya baba yalikuwa yamepunguzwa robo. Mashavu robo. Viganja robo.

Nilitaka kwenda kumwamsha Mama. Nilifika hadi mlangoni kwake, rula mkononi, nikarudi. Mjane hamwamshwi usiku wa manane kuonyeshwa rula.

## Menyu isiyosikia

Nilijua pa kuanzia, au nilidhani najua. Kila deki ya DVD ina mahali pa kuiambia TV yako ni ya umbo gani, na chaguo ni tatu: 16:9, 4:3 LB na 4:3 PS. Ya kwanza ni kwa TV pana. Ya pili huiacha picha nzima na kuweka mistari myeusi juu na chini. Ya tatu hujaza kioo kwa kukata pembeni. Deki ya Mama ilikuwa imewekwa 16:9, nikashusha pumzi. Nimempata mkosaji, nikasema moyoni.

Nikachagua LB. Baba akabaki vilevile.

Nikachagua PS. Vilevile.

Nilizima kila kitu, nikachomoa waya wa njano na kuuchomeka upya, nikaifuta diski kwa shati. Nilirudia hayo mpaka jogoo akawika, na kila nilipobonyeza kitufe cha kucheza, yule mtu mwembamba alirudi na saa yake ya yai. Asubuhi nilimwambia Mama nitaishughulikia, nitaleta nyingine.

"Usijisumbue," akasema.

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionifukuza njia nzima. Mtu anayetaka kuona tena hasemi usijisumbue.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa kilichotokea, na nitakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu najua si mimi pekee niliyekwama hapo. DVD haihifadhi picha kwa umbo lake. Katika PAL, mmoja wa mifumo miwili mikuu ya picha za TV, kila picha ni pikseli 720 kwa 576, iwe ni ya 4:3 au ya 16:9. Katika NTSC, mfumo wa pili, ni 720 kwa 480, na hali ni hiyohiyo. Sanduku ni moja kwa maumbo yote mawili. Picha pana huingizwa ndani ikiwa imebanwa. Kinachotofautisha ni alama ndogo iliyoandikwa pembeni ya picha: hii ni 16:9, ifungue, au hii ni 4:3, iache. Deki husoma alama hiyo, huilinganisha na ulichoiambia kwenye menyu, kisha huamua kama kuna la kurekebisha.

Programu niliyotengenezea diski iliichukua video yangu pana, ikaibana ikaenea sandukuni, kisha ikaandika alama ya 4:3, kwa sababu ndivyo ilivyokuja imepangwa na mimi sikuigusa.

Kwa hiyo deki ilipoulizwa ilijibu kwa haki kabisa. Diski inasema 4:3, TV inasemekana ni 4:3, kuna nini cha kurekebisha? Ningebonyeza menyu ile mwaka mzima. Kosa halikuwa kwenye deki wala kwenye TV. Lilikuwa kwenye ile alama, na alama niliiandika mimi.

Vyombo hivi vyote huishi kwa kuambiana umbo. Hata ile soketi ya SCART ya kuunganishia deki na TV, yenye pini 21, ina pini moja, ya nane, ambayo kazi yake nyingine ni hii: takriban voti 6 zikipita, TV huelewa picha ni pana, takriban voti 12, huelewa ni ya 4:3. Hakuna chombo kinachomtazama mtu aliye kwenye picha na kujiuliza, mbona yuko hivi? Kinaambiwa, kinatii.

## Kubana na kufungua

Ujanja huu wa kubana picha kisha kuifungua umeitangulia DVD kwa miongo mingi. TV ilirithi umbo la 4:3 kutoka kwenye filamu za mwanzo za milimita 35. Miaka ya 1950 sinema, zikiona watu wanabaki nyumbani na TV zao, zikaamua kupanuka. Mwaka 1953 kampuni ya 20th Century Fox ilitoa The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, kwa kutumia lenzi zilizotokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi ya kamera ilibana upana wa picha kwa nusu ili uenee kwenye filamu ileile ya kawaida. Lenzi ya projekta, upande wa pili, iliufungua.

Maana yake ni kwamba kwenye utepe wenyewe, ukiushika dhidi ya taa, kila mtu ni mrefu na mwembamba kama alivyokuwa baba. Mafundi wa projekta waliwaona hivyo kila siku. Hakuna aliyesema wamekonda, kwa sababu kila fundi alijua kwamba picha bado iko njiani.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu vizuri. Kubana picha ni kukopa upana, na lazima mtu aulipe kabla macho hayajafika. Mimi nilikopa na sikumwachia yeyote ujumbe kwamba kuna deni.

Na hilo umbo la 16:9 lenyewe lina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alichukua maumbo ya picha yaliyokuwa yakitumika, kuanzia lile la TV hadi ya sinema pana, akayachora yote yawe na eneo sawa, akayaweka moja juu ya jingine yakiwa na kitovu kimoja. Mstatili unaoyazunguka yote, na mstatili ulio ndani ya yote, vyote viwili vilikuwa na uwiano uleule, takriban 1.78. Hilo ndilo 16:9. Ni umbo la maridhiano: filamu pana ikiingia hupata mistari juu na chini, picha ya zamani ikiingia hupata mistari pembeni, na hakuna inayopoteza sana. Nalipenda wazo hilo. Linakiri wazi kwamba maumbo mawili tofauti hayawezi kukaa pamoja bila nafasi tupu mahali fulani.

Nikapiga hesabu ya TV ya Mama. Upana 40, kwa hiyo kimo cha picha ni sentimita 22 na nusu. Juu mstari mweusi wa karibu sentimita 4, chini vilevile. Robo ya kioo ingekuwa giza.

Nikaanza kusita.

## Shingo ya Mama

Kabla sijaendelea, kuna jambo nililolikuta nyumbani kwangu ambalo sikulitarajia.

Nina kanda ya harusi ya wazazi wangu, niliyoihamishia kwenye kompyuta zamani. Ni ya 4:3, ya enzi zake. Huwa naitazama kwenye TV yangu bapa. Wiki ile niliiwasha ili nimwone baba akiwa kijana, nimsahau yule mwembamba. Gari la maharusi likaingia, nikaona magurudumu.

Yalikuwa mayai yaliyolala.

Nilisimamisha picha nikaichukua rula. TV yangu ilikuwa ikivuta kila kitu kijaze upana, na kila mtu kwenye harusi ile alikuwa ameongezewa theluthi ya upana wake. Nimeitazama kanda hiyo miaka na miaka. Nimewaonyesha wageni. Nimewaambia watoto, mnaona babu alivyokuwa amejazia? Nilitafuta kwenye menyu, nikabadilisha iwe umbo halisi, mistari miwili myeusi ikasimama kushoto na kulia, na katikati wakarudi watu wawili ambao sikuwahi kuwaona. Baba alikuwa kijana wa wastani tu. Mama alikuwa na shingo ndefu, nyembamba, ameinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza. Shingo ile sikuijua. Kwenye kumbukumbu yangu hakuwa nayo.

Nilikaa kimya muda mrefu.

Jicho huzoea. Ukinipa mtu aliyepanuliwa theluthi nitamkubali, mradi anasogea na kuzungumza, na baada ya dakika chache sitaona kasoro yoyote. Nilipomwambia Mama "ni TV tu", nilitaka azoee namna hiyohiyo. Lakini mimi nilikuwa natazama harusi kwa furaha, sitafuti kitu. Yeye alikuwa anautafuta usoni pa mumewe mwanzo wa ugonjwa, jambo alilopitwa nalo, na picha yangu ikamkabidhi.

## Robo ya kukata

Dada na kaka walikuwa na jibu fupi. Mnunulie TV bapa, yaishe. Nililifikiria kwa uzito. Nikampigia Mama.

"Hii imeharibika nini?" akauliza.

Haikuwa imeharibika. Rangi zake bado ni nzuri, sauti inasikika hadi jikoni, na aliyeibeba kuiingiza mlangoni ni baba. Sikulirudia swali.

Ikabaki kuchagua kati ya mistari myeusi na kukata. Nikaanza na kukata, kwa sababu niliiogopa ile robo ya giza. Niliona itaonekana kama kitu kilichopungua, na nyumba ile ilikuwa imeshapungukiwa vya kutosha. Nikachukua robo tatu za katikati ya picha, nikatupa sehemu moja ya nane kushoto na moja ya nane kulia. Matokeo yalinifurahisha. Baba alijaa kioo chote, mabega kamili, saa ya duara. Kwa jioni moja niliamini nimemaliza.

Kesho yake niliitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kama atakavyoitazama yeye.

Dakika ya 11 baba anageuka kushoto kwake na kuanza kucheka. Anacheka sana, anapiga paja, anasubiri kama mtu anayejibiwa, anacheka tena. Anamcheka nani? Hakuna mtu. Pembeni ya picha kuna mkono wa kiti na ncha za vidole vinne.

Nikafungua video ya awali kwenye simu.

Mama yuko pale. Amekaa ukingoni kabisa mwa picha, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilipokuwa narekodi nilimlenga baba, sikumwona. Na yeye hakufika dakika ya 11 siku ile. Aliniambia nizime kwenye ya pili au ya tatu. Hajui kwamba yumo.

Nilikuwa nimemkata Mama kwenye kicheko chao cha mwisho nilicho nacho.

Kuna njia ya katikati, 14:9, ambayo BBC waliitumia sana walipokuwa wakihama kutoka picha za zamani kwenda pana. Unakata kidogo, sehemu moja ya kumi na sita kila upande, na mistari myeusi inabaki myembamba. Kwenye kioo cha Mama ingekuwa sentimita 2 hivi juu na 2 chini. Nikaijaribu. Kwenye kompyuta nusu ya uso wa Mama ilionekana. Kisha nikakumbuka kwamba TV za chogo huficha kingo za picha nyuma ya fremu, mara nyingi asilimia 5 hivi kila upande, na nikajua kwamba kwenye kioo chake lingebaki sikio.

Kwa muda wa siku mbili sikugusa kompyuta. Nilikuwa najiuliza swali moja: nani alisema hataki mistari myeusi? Mama hakuwahi kusema. Hakuwa ameiona. Woga ulikuwa wangu mimi, nikautafutia sababu kwake.

## Mistari 432

Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo.

Nilitengeneza diski mbili. Ya kwanza ni ya kuhifadhi: picha imebanwa kama kawaida ya DVD, na safari hii alama inasema 16:9. Hiyo itacheza sawasawa kwenye TV yoyote, mradi deki imeelezwa ukweli kuhusu TV iliyo mbele yake. TV ikiwa ya 4:3 na deki imewekwa LB, deki yenyewe itaibana mistari 576 iwe 432 na kuongeza 72 nyeusi juu na 72 chini.

Ya pili ni ya Mama peke yake. Humo mistari myeusi ni sehemu ya picha, na alama inasema 4:3, kwa kweli. Sikutaka kutegemea menyu ambayo siku moja mjukuu atabonyeza, au umeme ukikatika deki itasahau. Na kulikuwa na zile kingo zinazofichwa na fremu: Mama yuko ukingoni, nisipoangalia hata mistari myeusi haitamwokoa. Kwa hiyo niliipunguza picha nzima iwe asilimia 90, ikakaa ndani na pembe zake zote zikiwa salama. Kwa wanaotumia ffmpeg, programu ya kugeuza video, kichujio ni hiki tu:

scale=648:388,pad=720:576:36:94,setdar=4/3

Usipohitaji kukwepa kingo, weka 720:432 na 0:72. Video ya simu ni nyepesi kwa hili. Ya kamera za zamani, ambazo kila picha ni nusu mbili zilizosukwa mstari kwa mstari, ondoa kwanza msuko huo ndipo upunguze kimo. Ukipunguza kabla, nusu mbili zinachanganyika na kila kinachosogea kinaota meno ya kitana.

Kuna TV za chogo za miaka ya mwisho zenye hali ya 16:9 ndani ya menyu zao. Kama yako ni mojawapo, usitengeneze chochote: iambie deki kwamba TV ni 16:9, washa hali hiyo, na TV itaikusanya mistari yote 576 katikati ya kioo. Picha inatoka kali kuliko ya LB, kwa sababu hakuna mstari uliotupwa. Ya Mama haina. Nilitafuta kila ukurasa wa menyu yake.

Wenye ving'amuzi mna chaguo zilezile kwenye mipangilio, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuachwa kwenye 16:9 huku TV ni ya chogo. Ukiweka LB, utakutana na vipindi vya zamani vinavyorushwa vikiwa tayari na mistari pembeni. Hivyo vitapata mistari pande zote nne na picha itakaa katikati kama stempu kwenye bahasha, robo tatu ya robo tatu, zaidi kidogo ya nusu ya kioo. Kwa vipindi hivyo badilisha kwa muda iwe PS. Kwa wanaounganisha kompyuta kwa kile kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV: viboksi vingi vya bei nafuu havijui umbo, huibana tu picha pana ikajaa. Jaribu kuipangia kompyuta itoe picha ya 4:3, mfano 640 kwa 480, ili programu ya kuchezea video iweke mistari myeusi yenyewe kabla picha haijafika kwenye kiboksi. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, ikitoa picha kwa waya wa AV, kwenye matoleo ya zamani ya mfumo wake ina mstari wake kwenye faili ya config.txt: sdtv_aspect, 1 kwa 4:3, 2 kwa 14:9, 3 kwa 16:9.

Na kabla ya yote hayo, tafuta kitu cha duara kwenye picha. Saa, gurudumu, sahani, kifuniko. Pima. Usiyaamini macho yako kuhusu uso wa mtu unayempenda.

## Dakika ya 11

Nilirudi kwa Mama wiki ya saba. Sikumwambia kwamba nimeleta diski. Nilimwomba avae miwani yake, nikaenda kwenye droo nikachukua rula.

"Ya nini?"

"Ya kupimia saa."

Niliiwasha, nikasimamisha picha kabla baba hajaanza kusema. Mistari myeusi ilikuwepo, minene, juu na chini. Nilimtazama Mama usoni nikisubiri aiseme. Hakuisema. Nikamkabidhi rula, naye akasogea hadi kwenye kioo, akapiga magoti taratibu kwa kujishikilia kwenye meza, akaipima ile saa kutoka juu hadi chini kwa uangalifu wa fundi cherehani.

"Tano na vijistari vinne."

"Sasa upande."

Akaigeuza rula. Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Tano na vijistari vinne."

Nikamweleza ile ya kwanza ilikuwaje, nane kwa sita. Nikamwambia ni mimi niliyeiandika vibaya, na kwamba siku ile saa nayo ilikuwa imekonda pamoja na baba. Aliitazama saa ya ukutani juu yetu, akaitazama ya kwenye kioo. Kisha alishusha rula na kumtazama baba, kwa karibu vile, bado kapiga magoti, mpaka nikaogopa kwamba nimeharibu tena.

"Shavu lake hilo," akasema.

Nilimsaidia kurudi kwenye kiti, nikaiachia video icheze. Hakuzungumza. Dakika ya tatu ikapita, na ya nne. Baba alisimulia kisa chake, akakikosea katikati, akarudi nyuma kukirekebisha kama kawaida yake. Ilipofika ya 11 akageuka kushoto akaanza kucheka, na ukingoni, mbali kidogo na fremu, Mama akaonekana na kiganja chake mdomoni.

Mama kwenye kiti alishtuka.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakuniambia. Alininyang'anya rimoti, akarudisha mwenyewe.